Malezi ya Mtoto Mgonjwa wa Akili katika Bonde la Ufa

Msomaji, ukitaka kujua historia ya nchi, mara nyingi utaambiwa habari za vita, za reli, za sheria na za watu mashuhuri. Habari hizo ni za kweli, na yafaa tuzijue. Lakini iko historia nyingine isiyoandikwa sana, nayo ni historia ya mambo yanayotendeka nyumbani mlango ukiwa umefungwa: nani aliamka usiku kumtazama mgonjwa, nani alibaki naye wenzake walipokwenda shambani, na ni jirani gani aliyebisha hodi. Katika insha hii tutatazama kipande kimoja cha historia hiyo katika mji wa Nakuru na sehemu zilizo karibu nao, kama vile Molo, Njoro, Gilgil na Nyahururu. Swali letu ni moja: mtoto akiwa mgonjwa wa akili, nani amemlea tangu zamani, na nani amewasaidia wazazi wake?

Kwanza yatupasa kupambanua maneno, kwa sababu watu wengi huyachanganya. Uko ugonjwa wa akili, ambao huweza kumpata mtu aliyekuwa mzima: mara anasikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anashikwa na huzuni isiyokwisha, au hofu isiyo na sababu. Uko pia ulemavu wa akili, ambao ni wa mtoto ambaye ubongo wake haukukua kama wa wenzake, pengine kwa sababu alichelewa kuvuta pumzi alipozaliwa, au kwa sababu aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Tena kuna kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo na huzuilika kwa dawa isiyo ghali. Mambo haya matatu si kitu kimoja, wala tiba yake si moja. Lakini kwa wazazi yamefanana katika jambo moja: yote yameitwa laana, yote yameonewa haya, na yote yamemfanya mama abaki nyumbani peke yake. Kwa hiyo katika habari hii yatakwenda pamoja.

Watu hupenda kusema kwamba zamani, kabla ya kuja wageni, mambo yote yalikuwa mema. Si vizuri kudanganyana. Katika makabila mengi mtoto wa namna hii alidhaniwa kuwa amerogwa, au kwamba wazee wake walivunja mwiko, na mara nyingi lawama zilimwangukia mama. Walikuwako pia waliofungwa kamba. Hata hivyo, maisha ya siku zile yalikuwa na faida moja kubwa. Miongoni mwa Wakalenjin, nyumba zilizo jirani zilikuwa chini ya baraza moja liitwalo kokwet, na jambo lililoisumbua nyumba moja liliweza kuletwa mbele ya wazee wa nyumba zote. Miongoni mwa Wakikuyu, watu wa ukoo mmoja walikaa karibu karibu, na wanawake walilimiana mashamba kwa zamu kwa desturi waliyoiita ngwatio. Mtoto aliyekuwa mzito wa akili alikwenda machungani pamoja na wenzake, na macho ya kumwangalia yalikuwa mengi. Bibi alikuwako, shangazi alikuwako, na mke mwenza alikuwako. Mzigo ulikuwa mzito, lakini mabega ya kuuchukua hayakuwa mawili tu.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Reli ilipofika katika Bonde la Ufa mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipewa mashamba makubwa, na mwaka wa 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Walowezi walihitaji watu wa kulima mahindi, ngano na pareto na kutunza ng'ombe. Wakikuyu wengi waliacha nchi yao ya milimani, na Wakalenjin wengi pia wakawa wafanyakazi katika nchi waliyokuwa wakiilisha mifugo yao. Hao ndio walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndipo apewe mahali pa kukaa na kulima. Wake na watoto nao waliitwa kazini wakati wa mavuno.

Fikiri, msomaji, habari ya mama wa siku zile aliyekaa katika nyumba za laini, naye ana mtoto wa miaka saba asiyeweza kusema wala kujilisha. Kengele ya kazi hulia kabla ya jua kuchomoza. Bibi yake yuko mbali, ng'ambo ya milima ya Nyandarua. Wazee wa ukoo wako huko huko. Majirani wa laini nao wameitwa kazini. Mama huyo atafanya nini? Atamfunga mtoto ndani, au atamwacha na dada yake mdogo, na dada huyo hataiona shule. Si kwamba mama huyu hakumpenda mtoto wake kama walivyopenda mama wa zamani. Lililopungua ni majirani. Tukielewa neno hili, tutaelewa sehemu kubwa ya habari inayofuata.

Je, serikali ya wakoloni ilifanya nini? Mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui huko Nairobi palifanywa nyumba ya wenye wazimu. Mwaka wa 1924 nyumba hiyo ikaitwa Hospitali ya Mathari. Wagonjwa walilazwa katika wadi mbalimbali kwa rangi zao, Wazungu mbali, Wahindi mbali na Waafrika mbali. Lakini nyumba hiyo haikujengwa kwa ajili ya watoto, wala haikukusudiwa kuwasaidia wazazi. Kusudi lake kubwa lilikuwa kuwaondoa barabarani na mashambani watu waliosumbua amani. Tena kutoka Nakuru mpaka Nairobi ni mwendo wa kilomita 160 hivi. Mtoto aliyekaa kimya pembeni mwa chumba katika shamba la Molo hakuwa na habari na Mathari, na Mathari haikuwa na habari naye.

Kutoka katika hospitali hiyo lilizuka kosa ambalo wanafunzi wa historia wanapaswa kulijua. Daktari J. C. Carothers aliisimamia Mathari tangu mwaka wa 1938 hadi 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Daktari huyo alisema kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika, na kwamba Mwafrika hautumii vya kutosha ubongo wake wa mbele. Lakini alihesabu wagonjwa gani? Alihesabu wale waliofikishwa hospitalini. Wale waliokuwa wakitunzwa nyumbani na mama zao hawakuwamo katika hesabu. Yeye mwenyewe aliona kwamba waliokwenda kufanya kazi mbali na kwao walifika hospitalini kwa wingi kuliko waliobaki kwao. Jambo hilo lingeweza kumfundisha kwamba aliye kwao ana wa kumtunza, na aliye ugenini hana. Badala yake akatafuta sababu katika ubongo wa Mwafrika. Wataalamu waliokuja baadaye waliikataa hoja yake. Lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia, maana kama ugonjwa ni haba, kwa nini serikali itumie fedha kuutibu?

Mwezi wa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Katika miezi iliyofuata makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa wakarudishwa katika wilaya za kwao, mahali ambapo wengi wao hawakuwa na ardhi tena. Wanaume wengi walitiwa vizuizini. Hivyo hata ule ujirani mchache uliokuwa umeanza kuota katika laini uling'olewa. Mtoto mgonjwa huweza kuvumilia njaa na baridi kama watoto wengine, lakini kuhamishwa ghafula kutoka mahali anapopajua ni pigo kubwa kwake, na aliyelipokea pigo hilo pamoja naye ni mama aliyebaki peke yake.

Katika miaka hiyo hiyo, upande mwingine wa Afrika, daktari mmoja Mwafrika alikuwa akionyesha njia nyingine. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alirudi kutoka masomoni Uingereza, akapewa kazi katika Hospitali ya Aro, karibu na mji wa Abeokuta, kabla majengo yake hayajakamilika. Mwaka wa 1954 alianza kuwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji vilivyoizunguka hospitali. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia. Mchana walikwenda hospitalini kupata dawa, jioni walirudi kijijini kukaa na watu. Wanakijiji walipata kodi ya nyumba, na zaidi ya hayo waliizoea hali ya wagonjwa na kuacha kuwaogopa. Wala jambo hilo si la Afrika peke yake. Katika mji wa Geel, nchini Ubelgiji, wenyeji wamekuwa wakiwapokea wagonjwa wa akili katika nyumba zao tangu zamani sana, na mpaka leo hawajaacha.

Turudi Nakuru. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa, na watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani ambao si wa ukoo mmoja. Hospitali za mikoa zilianza kuwa na wadi ndogo za wagonjwa wa akili kuanzia miaka ya 1960, na Nakuru ilikuwa mojawapo. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa mgonjwa wa Njoro au Elburgon hakulazimika tena kwenda Nairobi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 1989 ikakubali kwamba ugonjwa huu huweza kutibiwa katika hospitali za kawaida kama magonjwa mengine. Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, vituo vya kuwapima na kuwaelekeza shuleni vilianzishwa mwaka wa 1984, na Chuo cha Elimu Maalumu kikaanzishwa mwaka wa 1986 ili kuwafundisha walimu wao.

Lakini nyumbani je? Hapa kuna jambo la kushangaza. Hiyo ndiyo miaka ya Harambee. Watu wa Bonde la Ufa walichanga fedha wakajenga shule, zahanati na majosho ya ng'ombe. Walichangia arusi, walichangia matanga, walichangia vijana waliokwenda kusoma ng'ambo. Ilikuwa nadra sana kusikia kwamba watu wamekutana kuchangia nyumba yenye mtoto mgonjwa wa akili. Si kwa sababu watu walikuwa na roho mbaya. Mtu hawezi kuchangia asilolijua, na nyumba yenye mtoto kama huyo haikusema. Mgeni akija, mtoto alipelekwa chumba cha nyuma. Karani wa kuhesabu watu alipouliza idadi ya watoto, mmoja aliweza kuachwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mara nyingi kilio hicho huja kikiwa kimechelewa, wakati mtoto amekuwa kijana mwenye nguvu na mama amekuwa mzee.

Kisha yakaja mambo mengine ya kuongeza uchungu. Mwaka wa 1992 nyumba zilichomwa moto katika sehemu za Molo kwa sababu ya ugomvi wa siasa na ardhi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto huo uliwaka tena kwa ukali zaidi. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na zaidi ya 600,000 walikimbia makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulijaa mahema. Watoto waliokaa katika mahema hayo walikuwa wameona mambo yasiyofaa kuonwa na mtoto. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua huweza kuwa kimya kwa miezi mingi, au kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, au kupiga kelele usiku, au kuwa mkali bila sababu ionekanayo. Huyo naye amejeruhiwa, ingawa kidonda chake hakina damu. Hapo ndipo watu wengi wa Nakuru walipoanza kuelewa kwamba maumivu ya akili si jambo la nyumba fulani iliyolaaniwa. Yanaweza kuingia katika nyumba yoyote.

Sasa nitakusimulia juu ya jaribio moja lililofanywa karibu nasi. Nyahururu ni mji ulio juu kidogo ya Bonde la Ufa, kaskazini-mashariki ya Nakuru, nao zamani uliitwa Thomson's Falls. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gabriele Pipinato, padre kutoka Padova nchini Italia, pamoja na wenyeji, walianzisha shirika liitwalo St. Martin. Waliona kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa wakifichwa majumbani. Wangeweza kujenga nyumba kubwa wakawakusanya humo, kama walivyofanya watu wengi wenye huruma katika nchi nyingi. Hawakufanya hivyo. Walishika neno moja, kwamba kazi hii itafanywa kwa njia ya jamii tu. Waliwafundisha watu wa vijijini wenyewe, wakulima na mama wa nyumbani, wasiolipwa mshahara. Hao walikwenda nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakakaa, wakaongea, na polepole milango ya nyuma ikafunguliwa. Ilipohitajika dawa, au nauli, au karo ya shule maalumu, majirani waliombwa watoe sehemu yao kwanza. Watu wengine walidhani maskini hawataweza kutoa. Walitoa.

Kwa nini njia hii ina maana kubwa? Kwa sababu fedha za kutoka mbali hununua dawa, lakini haziwezi kukaa na mtoto siku ya Jumamosi mama akaenda sokoni. Jirani aweza. Jirani akisema, "Nenda ukalale kidogo, mama, mtoto nitakaa naye mimi," amefanya kazi ambayo hakuna daktari wala waziri awezaye kuifanya kwa niaba yake. Kumbuka ile ngwatio ya zamani. Wanawake waliolimiana mashamba kwa zamu walikuwa na hekima iyo hiyo. Kilichobadilika ni kwamba sasa zamu inazunguka kwa majirani wasio wa ukoo mmoja, pengine wasio wa kabila moja. Katika nchi iliyoungua mwaka wa 2008, hilo si jambo dogo.

Lakini tusikosee kwa upande wa pili. Wako wasemao kwamba kwa kuwa jamii inaweza, serikali ipumzike. Hapana. Jirani hawezi kutengeneza dawa ya kifafa, wala hawezi kutambua kila ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba karibu nusu ya magonjwa ya akili ya watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 14. Maana yake ni kwamba anayepaswa kutazamwa mapema ni mtoto, na anayejua kumtazama ni mtaalamu. Mwaka wa 2020 kamati iliyoongozwa na Daktari Frank Njenga iliishauri serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa janga la taifa. Mwaka wa 2022 sheria ya 1989 ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikaagizwa ziweke huduma hizi karibu na watu. Mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa vya kuwatembelea watu majumbani. Tena ziko fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, wanazopewa baadhi ya wale wenye ulemavu mkubwa. Fedha hizo hazitoshi kumlipa mtu wa kumtunza mtoto mchana na usiku. Lakini zimekiri jambo ambalo Mathari ya mwaka wa 1910 haikulijua, kwamba kazi hiyo hufanyika nyumbani na ina gharama.

Basi, msomaji, historia hii imetufundisha nini? Imetuonyesha kwamba nyumba peke yake haiwezi. Mama wa laini alijaribu akachoka. Hospitali peke yake haiwezi. Kuta zake zilifika kwa wachache. Kinachoziunganisha mbili hizi ni ujirani, na ujirani ndio uliovunjwa mara nyingi katika Bonde la Ufa, kwa sheria za kazi, kwa Hali ya Hatari na kwa moto wa siasa. Kila ulipovunjwa, mtoto mgonjwa alirudi nyuma ya mlango. Kila ulipojengwa, alitoka nje akaota jua.

Nawe una sehemu yako. Huenda darasani mwenu yuko mwanafunzi anayekosa shule kila siku ya soko, nanyi humcheka mkidhani ni mvivu. Pengine yeye ndiye anayebaki na ndugu yake ili mama akauze viazi. Huenda njiani kwenu yuko mtoto ambaye wadogo zenu humtupia mawe na kumwita majina mabaya. Huenda, na hili hutokea katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, ndugu huyo ni wako mwenyewe, na hujawahi kumtaja mbele ya rafiki zako. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana ukiutazama kwa mbali huuoni uzito wake. Nenda karibu uujue. Bisha hodi, salimu, kaa kitako, mwite mtoto kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Kesho rudi tena.